Mdomo wa Mfungaji: Fangasi Inayokuja Baada ya Antibiotiki



Kila sifa njema ni ya Allah (S.W.T.), Mola aliyeumba maradhi na akaumba na dawa yake. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), pamoja na aali zake na maswahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu yangu msomaji, mada hii ilitolewa kwanza katika darasa la vijana, baina ya alasiri na maghrib, na maswali yakawa mengi mpaka adhana ikatukata. Ndugu wa jarida wakaomba iandikwe ili na wale waliokuwa jikoni wakitayarisha futari nao waipate. Nimeyaacha maneno karibu kama yalivyosemwa, kwa hivyo usishangae ukiona nazungumza nawe kana kwamba tumekaa jamvi moja.

Ikiingia Ramadhan, sisi huzungumza sana juu ya mdomo. Tunaambiwa tuuzuie na chakula, tuuzuie na matusi, tuuzuie na uongo. Yote hayo ni haki. Lakini mdomo ni kiungo pia. Una ulimi, una ufizi, una ngozi laini ndani ya mashavu, na huko ndani wamo wakaazi wadogo wadogo wasioonekana kwa macho. Leo nataka tuzungumzie maradhi mamoja ya mdomo ambayo huwapata watu wengi, wakubwa kwa wadogo, na ambayo mara nyingi huja mtu akiwa anadhani ndio anapona. Ni fangasi ya mdomo, ule utando mweupe unaotokea mtu akiwa ametumia antibiotiki, au viuavijasumu kama vinavyoandikwa vitabuni.

Utasema, je, hili nalo ni jambo la kuandikwa katika jarida la Ramadhan? Naam, ni jambo. Na nitakuonyesha kwamba ndani yake mna suala la afya, mna suala la fiqhi, na mna suala la heshima ya Muislamu mwenzako.

Fangasi hii ni nini?

Kuna kijidudu kinachoitwa Kandida. Si bakteria wala si virusi, ni fangasi wa aina ya hamira. Ile hamira tunayotia kwenye mahamri ni ndugu yake wa mbali. Kandida huishi midomoni mwa watu wengi walio wazima kabisa, bila ya kuwadhuru. Yuko kidogo tu, na bakteria waliomzunguka humbana asipate nafasi.

Sasa hebu chukulia matatu iliyojaa. Viti vyote vina watu. Kandida ni abiria mmoja aliyening'inia mlangoni, hana pa kukaa, ametulia. Wewe ukapatwa na maradhi, ukapewa antibiotiki. Kazi ya antibiotiki ni kuua bakteria. Lakini dawa hii haina macho ya kuchagua: huua bakteria waliokuletea ugonjwa na huua pia wengi wa wale wema waliokuwa wamekaa kwenye viti. Ama Kandida, kwa kuwa yeye ni fangasi, ile dawa haimgusi hata kidogo. Basi akitazama ndani anaona viti ni vitupu. Anaingia, anajinyoosha, anaita na jamaa zake. Hapo ndipo unapoona mdomo umegeuka.

Kwa hivyo elewa vizuri: ukipatwa na fangasi hii baada ya dawa, si kwamba uliambukizwa na mtu. Mwenye kuisababisha alikuwa nyumbani kwako mwenyewe siku zote.

Antibiotiki zinazopiga aina nyingi za bakteria kwa pamoja ndizo zinazoleta hali hii zaidi. Mfano ni amoksilini, ambayo wengi wetu tunaijua kwa vidonge vyake vya rangi mbili, na nyenginezo kama doksisaiklini. Na kadri mtu anavyoitumia kwa muda mrefu, au kuirudia rudia, ndivyo hatari inavyozidi.

Utaijuaje?

Dalili iliyo mashuhuri ni mabaka meupe juu ya ulimi, ndani ya mashavu, kwenye kaakaa la juu au kooni. Ukiyatazama utadhani ni maziwa yaliyoganda. Tofauti yake na mabaki ya uji au maziwa ni kwamba hayaondoki kwa kusukutua peke yake; yakikwanguliwa hubanduka na kuacha pekundu, na pengine hutoa damu kidogo. Usiyakwangue kwa nguvu, unajiumiza bure.

Lakini si lazima uone weupe. Baada ya antibiotiki, watu wengine hupata ulimi mwekundu, laini, unaowaka moto kila wakigusa pilipili au ndimu. Mwengine hulalamika kwamba chakula hakina ladha, au mdomo mzima ni kama umejaa pamba. Mwengine hupasuka pembeni mwa midomo. Mama wa nyumba akisema biriani haina chumvi na watu wote wanasema iko sawa, basi mtazameni na ulimi wake.

Kuna watu ambao wao wako karibu zaidi na maradhi haya, hata bila ya antibiotiki. Nao ni watoto wachanga, wazee, wenye meno ya bandia, wenye kisukari ambacho sukari yake haijadhibitiwa, wanaovuta sigara, wenye pumu wanaotumia pampu yenye dawa ya steroidi, wanaotibiwa saratani, na wale ambao kinga yao ya mwili imeshuka kwa sababu ya virusi vya ukimwi au sababu nyengine. Mmoja katika hawa akipewa antibiotiki, inafaa amwambie daktari mapema.

Matibabu

Mtume (S.A.W.) ametufundisha kujitibu, na akatujulisha kwamba Allah hakuteremsha maradhi ila ameyateremshia na dawa. Basi dawa ya maradhi haya ipo, alhamdulillah, na si ghali sana.

Ikiwa fangasi ni kidogo, na wewe u mzima kwa mengine yote, huenda ikaondoka yenyewe ukimaliza antibiotiki na bakteria wema wakarudi kwenye viti vyao. Lakini usiache antibiotiki njiani kwa sababu ya ulimi mweupe. Rudi kwa aliyekuandikia, umuonyeshe. Yeye ndiye atakayesema uendelee, ubadilishe au usimamishe.

Ikihitaji dawa, inayoanziwa mara nyingi ni nistatini ya maji. Kwa kawaida hutumiwa mara 4 kwa siku, na kipimo hutofautiana baina ya mtoto na mtu mzima, kwa hivyo fuata kilichoandikwa juu ya chupa yako, si ya jirani. Wengi hulalamika kwamba nistatini haifanyi kazi, kumbe wanaitumia kama dawa ya kikohozi, wanaimeza mara moja. Nistatini haiingii katika damu kupitia tumboni. Inafanya kazi pale inapogusa. Kwa hivyo tikisa chupa, tia mdomoni, izungushe kila pembe, ikae kadri unavyoweza, kisha ndio umeze. Usile wala usinywe kwa kama nusu saa baada yake. Na ukiona mdomo umesafika usiitupe chupa siku hiyo hiyo; endelea siku 2 zaidi, ili mabaki nayo yaondoke. Matibabu kwa jumla huchukua wiki 1 hadi 2.

Kuna pia mikonazoli ya kupaka, ambayo hufanya kazi vizuri. Tahadhari zake ni mbili. Mtoto mchanga asipakwe donge kubwa kwa sababu linaweza kumziba koo, na walio chini ya miezi 4 hawapewi. Na mtu mzima anayetumia warfarini, ile dawa ya kuzuia damu isigande, asiiguse bila ya daktari, kwa sababu inazidisha nguvu za warfarini na mtu anaweza kuvuja damu.

Ikiwa fangasi ni nyingi, au imeshuka kooni, daktari hutoa flukonazoli, nayo ni ya kumeza mara 1 kwa siku. Hii inaingia katika damu, inagongana na dawa kadhaa nyengine, na mama mjamzito anatakiwa aseme hali yake kabla ya kupewa. Si dawa ya kununua kwa kunong'ona dirishani.

Ama ile dawa ya maji ya zambarau ambayo bibi zetu walikuwa wakitupaka mpaka mdomo ukawa kama wa mtu aliyekula zambarau kapu zima, imesaidia wengi huko nyuma. Lakini mwaka 2019 wizara ya afya ya Canada ilitoa onyo kuihusu, kwa kuchelea kwamba inaweza kuongeza hatari ya saratani. Kwa kuwa ziko nyengine, muulize mhudumu wa afya kabla ya kuifungua ile chupa ya zamani kabatini.

Kisa cha mabibi wawili

Hapa nataka wasichana wetu wasikilize. Nistatini haikushuka na mvua. Iligunduliwa na wanawake wawili wa Marekani, Elizabeth Hazen na Rachel Brown. Hazen alikuwa mtaalamu wa vijidudu katika jiji la New York, na Brown mtaalamu wa kemia katika mji wa Albany. Wote walikuwa wakifanyia kazi idara ya afya ya jimbo la New York. Hazen alikuwa akitafuta kwenye udongo vijidudu vinavyoweza kuua fangasi, akipata anampelekea mwenzake kwa posta, na Brown anachuja kuitoa ile dawa na kumrudishia kwa posta aijaribu. Hawakuwa na intaneti wala simu ya mkononi. Udongo uliofaulu ulitoka katika shamba la rafiki zake Hazen huko Virginia. Mwaka 1950 wakaitangaza dawa yao, na jina nistatini limetokana na jina la jimbo hilo la New York.

Dawa ile ilileta fedha nyingi, zaidi ya dola milioni 13. Wale mabibi hawakujitajirisha nazo. Walizielekeza katika utafiti wa sayansi na kuwasomesha wengine. Ndugu yangu, sisi ambao tumefundishwa maana ya sadaqa na tangu chuoni tunaambiwa elimu yenye manufaa humfuata mtu kaburini, tunapaswa kuona haya kidogo tukisikia kisa hiki, kisha tutie nia. Dada uliye kidato cha pili na unapenda bayolojia, usikubali kuambiwa hiyo si kazi yako.

Na saumu je?

Hili ndilo swali lililoulizwa mara nyingi. Nitajibu kwa kadri nilivyosoma, na kwa undani zaidi muulize ustadh wako na daktari wako, wote wawili.

Dawa unayoimeza inafunguza saumu. Hilo halina mjadala. Na nistatini, kama tulivyosema, humezwa. Kwa hivyo kijana aliye na nguvu zake, na maradhi yake ni madogo, azungumze na daktari juu ya kuipanga usiku. Hapa kwetu Kenya usiku wetu haupungui sana wala hauzidi sana mwaka mzima. Baina ya maghrib na alfajiri tuna kama saa kumi na nusu hivi. Daktari akiridhia, mara ya kwanza ni baada ya futari, ya pili ukirudi tarawehe, ya tatu katikati ya usiku ukiamka kwa tahajjud, na ya nne ukimaliza daku, kabla ya adhana. Ona jinsi dawa inavyoweza kukusaidia kuamka usiku! Flukonazoli ni nyepesi zaidi, kwa kuwa ni mara 1, unaimeza baada ya futari.

Antibiotiki yenyewe ni habari nyengine. Ikiwa umeandikiwa kila baada ya saa 8, usijikatie shauri kuzibana zote baina ya maghrib na daku, wala usiruke ya mchana ukasema Mungu atasaidia. Mwambie daktari, "Mimi nimefunga, iko inayotumiwa mara 1 au 2 kwa siku?" Pengine ipo. Na ikiwa haipo, au umezidiwa, au huwezi kumeza hata mate kwa maumivu, basi Mola wako amekwisha kukuhurumia kabla ya daktari. Katika Suratul Baqara, pale pale inapofaradhishwa saumu, mgonjwa na msafiri wamepewa ruhusa ya kula na kulipa siku nyengine. Ruhusa ile si aibu. Ni zawadi, na zawadi ya Mola hairudishwi. Utalipa baada ya Idd, ukiwa mzima, na ujira wako uko kwake.

Je, kusukutua kwa maji ya chumvi mchana? Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha 10 kilichofanyika Jeddah mwaka 1997, ilipitisha kwamba kusukutua na kugogomoa kwa dawa, kusafisha meno, kutumia siwaki na hata kung'oa jino, havifunguzi saumu maadamu mtu amejizuia kumeza kinachofika kooni. Hata hivyo kwa usalama fanya hayo usiku, kwa sababu mchana na kiu mtu hujisahau.

Kujikinga ni bora kuliko kutibu

Kinga ya kwanza ni kutokunywa antibiotiki isiyokuhusu. Hapa ndipo penye mzizi wa fitina. Mtu akipiga chafya mbili huyo mbio kemisti, "Nipe amoksilini ya hamsini." Anapewa vidonge vitano katika karatasi, havitoshi kutibu na vinatosha kuharibu. Mafua na homa nyingi za koo huletwa na virusi, na antibiotiki haiwezi virusi. Kwa hivyo umewaacha maadui wako na umewaua majirani zako wema, kisha fangasi ikaja kukaa. Na madhara hayakomi mdomoni mwako. Bakteria waliosalia hujifunza kuizoea dawa, na siku mama yako akilazwa kwa maradhi ya kweli, dawa ile ile inashindwa. Watafiti walikisia kwamba katika mwaka 2019 peke yake watu wapatao milioni 1.27 duniani walikufa kwa sababu ya bakteria waliozoea dawa. Kenya nayo ilizindua mpango wake wa taifa wa kupambana na jambo hili mwaka 2017. Lakini mpango wa serikali hautafua dafu ikiwa kila nyumba ina kopo la mabaki ya vidonge juu ya friji. Kwa hivyo, usinunue bila ya cheti, usimgawie mwenzako vilivyobaki, na ukiandikiwa, tumia kama ulivyoandikiwa.

Kinga ya pili ni usafi wa mdomo, na hapa Uislamu umetangulia. Mtume wetu (S.A.W.) alituhimiza siwaki mpaka akasema, kwa maana yake, kwamba lau si kuchelea kuutia uzito umma wake angetuamrisha kila swala. Ule mti wa mswaki unaota katika sehemu zetu kavu hapa Kenya, hauhitaji kuagizwa kutoka ng'ambo. Katika madhehebu yetu ya Shafi, kauli iliyo mashuhuri ni kwamba si vizuri kwa mfungaji kupiga siwaki baada ya jua kupinduka, na wako wanazuoni wengi waliosema hapana ubaya. Asubuhi na usiku hakuna khilafu, kwa hivyo tusifanye khilafu ya mchana kuwa kisingizio cha uvivu wa usiku. Kata ncha iliyokwisha tumika, usimuazime mtu, usiuweke mfukoni pamoja na sarafu. Na ukipona fangasi, badilisha mswaki wa plastiki. Wa zamani umebeba mabaki. Ulimi nao usugue kwa upole.

Kinga ya tatu ni mate. Mate ni mlinzi wa mdomo, na mdomo mkavu ni uwanja wa fangasi. Baina ya futari na daku kunywa maji ya kutosha, kidogo kidogo, sio kumimina jagi zima wakati wa adhana. Sigara inakausha na inaudhi ngozi ya mdomo. Miraa na muguka nazo zinakausha, na wengi huzitafuna na bigijii na soda, yaani unakausha mdomo kisha unautia sukari. Kijana anayefunga mchana na kutafuna mpaka alfajiri, saumu yake ni kati yake na Mola wake, lakini mdomo wake utamshitaki mbele ya daktari.

Kinga ya nne ni kupunguza sukari. Nani asiyependa kaimati? Hata mimi nazipenda. Lakini tutazame meza zetu: tende, sharubati, kaimati, tambi za sukari, vitumbua, mkate wa sinia, chai yenye vijiko vitatu, zote siku moja. Sukari ikikaa mdomoni humlisha Kandida na hutoboa meno. Kwa mwenye kisukari jambo ni zito zaidi. Fungua kwa tende kama sunna, kunywa maji, na yaliyobaki chagua moja. Maziwa lala yasiyo na sukari ni kinywaji kizuri cha daku, na yana bakteria wema, ingawa ushahidi kwamba yanazuia fangasi ya mdomo si wa kutegemewa. Kunywa kama chakula, usiyafanye badala ya dawa.

Wenye pumu, kila ukitumia pampu yenye steroidi sukutua na uteme. Wazee wenye meno ya bandia wayatoe usiku na kuyasafisha. Mama anayenyonyesha, mtoto akiwa na utando na wewe chuchu zinauma, nendeni mkatibiwe pamoja, la sivyo mtaendelea kurudishiana.

Asali na habba sauda? Tunaamini kheri yake na hatuidharau sunna. Lakini Mtume (S.A.W.) hakutuambia tuache tabibu. Na ulimi wenye vidonda ukiupaka asali usiku kucha, umeuwekea sukari. Kusukutua kwa maji ya vuguvugu yenye nusu kijiko cha chai cha chumvi kutakupunguzia maumivu, na hilo halina madhara.

Ulimi mweupe na ulimi mchafu

Sasa tufike penye jambo lililonifanya niichague mada hii.

Katika bweni letu la chuo, Ramadhan moja, kijana mwenzetu alipatwa na uvimbe wa koo akapewa antibiotiki ya siku kumi. Siku ya saba hivi ulimi wake ukawa mweupe wote. Akawa anazungumza ameziba mdomo kwa kiganja. Siku ya pili tu, kwenye sinia la futari, mmoja akasogea. Mwengine akaleta kikombe chake mwenyewe. Baada ya tarawehe maneno yakaanza, "Mmemuona yule? Ulimi ule si wa bure. Ana ugonjwa." Mnajua ni ugonjwa gani unaokusudiwa mtu akisema hivyo kwa sauti ya chini. Yule kijana akasikia. Akaacha kuja kufuturu nasi, akaacha hata jamaa. Zahanati ilikuwa mkabala na lango la chuo, lakini alikaa karibu wiki mbili bila ya kuvuka barabara, kwa sababu aliogopa kuonekana akiingia. Alipokwenda, alitazamwa mdomo, akaulizwa dawa alizotumia, akapewa nistatini. Ndani ya wiki akapona. Ulimi ulisafika, lakini kwenye sinia letu hakurudi tena mpaka mwezi ukaisha.

Ndugu yangu, nani katika bweni lile alikuwa na ulimi mchafu zaidi?

Tunajizuia na tonge la halali tangu alfajiri, kisha usiku tunamla mwenzetu. Katika Suratul Hujurat Allah ametukataza dhana mbaya na kuchunguzana na kusengenyana, akatufananishia msengenyaji na mtu anayekula nyama ya nduguye aliyekufa. Na tumefundishwa kwamba harufu ya mdomo wa mfungaji mbele ya Allah ni nzuri kuliko miski. Ikiwa Mola ameuheshimu mdomo wa mfungaji na harufu yake, wewe ni nani hata uukimbie kwa rangi yake?

Nataka niseme na upande wa pili kwa ukweli, kwa sababu kuficha si huruma. Ni kweli kwamba fangasi ya mdomo inayomjia kijana bila ya sababu, hajatumia antibiotiki wala hana pampu ya pumu, au inayorudi rudi, au isiyosikia dawa kwa wiki mbili, inataka kuchunguzwa. Daktari atapima sukari, na atakushauri upime virusi vya ukimwi. Kubali. Ikiwa huna, utatulia. Ikiwa unavyo, dawa zipo, zinatolewa bure katika hospitali za umma, na anayezitumia sawasawa huishi, huoa au kuolewa, na huzaa. Hilo ni jambo baina ya mgonjwa na daktari wake. Si habari ya kwenye sinia. Na hata akiwa nao, ugonjwa ule hauambukizwi kwa kikombe wala kwa kula sinia moja. Fangasi ya mdomo nayo haimrukii mtu mzima kwa kukaa karibu na mwenye nayo. Kwa hivyo anayesogea, anajikinga na nini?

Nenda hospitali upesi, bila ya kungoja Idd, ukiona haya: kumeza kunauma au chakula kinakwama kifuani, una homa, mtoto mchanga amekataa kunyonya, au mgonjwa ana kisukari au anatibiwa saratani. Na ukimuona mwenzako ameziba mdomo, usimuulize mbele za watu. Mshike mkono kando, mwambie, "Ndugu yangu, twende zahanati, nakusindikiza." Hatua zile zimo katika kumzuru mgonjwa, na mwezi huu ujira wake unazidishwa.

Basi ndugu msomaji, usiku wa leo ukimaliza futari, chukua kioo utazame ulimi wako. Tazama na kabati la dawa, yale mabaki ya vidonge uyarudishe kwa mfamasia akuelekeze jinsi ya kuyatupa. Kisha ukumbuke ni jina la nani ulilolitaja tangu asubuhi.

Tunamuomba Allah (S.W.T.) awaponye wagonjwa wetu majumbani na mahospitalini, azikubali saumu zetu na visimamo vyetu, azisafishe ndimi zetu na maradhi na maneno, na atufikishe Idd tukiwa wazima. Amin.

Wabillahi Tawfiq.

Wassalaam Alaykum Warahmatullahi Wabarakatuh.